Kumi na Tisa Kati ya Ishirini na Mbili

Ukitafuta habari za Joginder Singh utapewa namba tatu kabla hujapewa kitu kingine chochote: 1965, 1974, 1976. Ndiyo miaka aliyoshinda mbio za magari za Safari. Baada ya namba utapewa jina la utani, Msikhi Anayepaa, kisha magari yake, Volvo PV544 na Mitsubishi Lancer, kisha kwamba alizaliwa Kericho mwaka 1932 na kufariki London Oktoba 2013. Aya nne au tano. Picha ya mtu mwenye kilemba na gari lililopakwa tope hadi kwenye vioo. Basi.

Mwaka huu nimesoma makala za aina hiyo nyingi kupita kiasi, na chanzo ni ugomvi wa nyumbani. Mdogo wangu anaendesha Noah ya abiria kati ya Mbinga mjini na Mbamba Bay. Ni kilomita 66, lami siku hizi, barabara inayoteremka kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani kwa kona ambazo mgeni huzipita akiwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Mwezi wa nne alinitumia video iliyorekodiwa na abiria aliyekaa pembeni yake. Mshale wa spidi unaonekana vizuri. Muziki uko juu. Mwishoni anaigeukia simu, gari likiwa bado linakwenda, na kusema: "Dakika arobaini tu. Dada, mwambie mzee Joginda amerudi."

Sikumwambia mzee. Aliiona mwenyewe, maana Mbinga video humfikia kila mtu hata kama hana simu ya kuionyesha. Akanipigia jioni, mimi nikiwa Songea ninasahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakufoka. Aliuliza swali moja: "Mama, huyo Joginda mnayemsifu, alishindwa mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilichokishangaa baadaye ni kwamba makala nyingi pia hazikuwa nalo.

Kwanza tukumbushane mbio zenyewe zilikuwaje, kwa sababu Safari inayoonekana kwenye simu zetu leo ni kitu kingine. Zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa yale yale yaliyouzwa madukani, na mwanzoni yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani wala si ukubwa wa injini. Zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Barabara hazikufungwa: dereva wa mbio alikutana na ng'ombe, mabasi, baiskeli zenye mikungu ya ndizi na watu waliotoka kanisani. Hakukuwa na mstari ambapo magari yote yaliondoka kwa kishindo. Yaliachiwa moja moja, dakika chache kati ya moja na jingine, kisha kila gari lilitakiwa kufika katika vituo vya muda kwa saa iliyopangwa. Ukichelewa uliandikiwa adhabu. Mwenye adhabu chache kuliko wenzake, baada ya maelfu ya kilomita na siku kadhaa za kulala kwa zamu ndani ya gari, ndiye mshindi.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyomaliza ni 7. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena.

Ukishayajua hayo, zirudie zile namba tatu za Joginder uone jinsi zinavyosema kidogo. Orodha ya ushindi ni namna ya kuandika iliyoazimwa kutoka kwenye michezo mingine, hasa mbio za uwanjani, ambako wote wanazunguka njia ile ile mbele ya watazamaji wale wale na kitu pekee kinachowatofautisha ni nani yuko mbele. Katika Safari swali la kwanza halikuwa nani yuko mbele. Lilikuwa nani bado yupo. Na kwa swali hilo Joginder ana namba ya nne, ambayo ukiipata huwa imefichwa kwenye sentensi ya mwisho kama mzigo usiojulikana uwekwe wapi: aliingia Safari mara 22 na kumaliza mara 19.

Nilimpigia mzee kumwambia. Alishinda mara tatu, nikasema, na alishindwa kufika mara tatu. Upande wa pili wa simu kulikuwa kimya kwa muda, kisha akasema, "Huyo alikuwa dereva."

Nitaeleza kwa nini namwamini mzee kuliko waandishi wa makala, lakini kwanza niseme kuhusu lile jina la utani. Msikhi Anayepaa ni sitiari mbovu. Najua lilivyopendwa, na najua hata Wakenya waliompa jina jingine, Simba wa Kenya, walilitumia hili kwa fahari. Ila gari linalopaa juu ya tuta katika barabara ya udongo lazima lishuke, na linaposhuka linavunja springi, linatoboa rejeta, au linatua katikati ya mto uliofurika. Mtu aliyemaliza mara 19 hakuwa anapaa. Alikuwa fundi. Alikulia kwenye gereji ya baba yake akishika spana, na mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani akisaidia magari yaliyoharibika. Mwaka uliofuata akaingia Safari. Yaani kabla hajaanza kuharibu magari kwa mchezo, alilipwa mshahara kuyaona ya wengine yakiwa yameharibika. Alijua gari hufia wapi. Hata ile Volvo ya 1965, aliyoiendesha pamoja na ndugu yake Jaswant, haikuwa mpya: ilikuwa imeshakimbizwa Safari kabla hajaichukua yeye. Makala hulitaja hili kama kichekesho, eti alishinda na gari kuukuu. Mimi nasoma hapo habari yote. Mtu anayeweza kusikiliza gari lililochoka na kujua bado lina kiasi gani ndani yake, huyo ana kipaji ambacho neno kupaa halikigusi.

Tatizo la orodha ya ushindi si la kwetu peke yetu. Marekani, ambako mbio za magari yaliyoanza kama magari ya kawaida ya dukani ni mchezo mkubwa, kulikuwa na dereva Mweusi aitwaye Wendell Scott, wa Danville, Virginia. Naye alikuwa fundi wa gari lake mwenyewe. Alishindana mara 495 katika daraja la juu, na ukisoma orodha yake utaona ushindi mmoja. Huo mmoja nao, wa Jacksonville tarehe 1 Desemba 1963, hakupewa siku ile. Bendera ya mshindi haikupeperushwa kwa ajili yake, akatangazwa mzungu, Buck Baker, na baadaye watu walipokwisha kuondoka ndipo wasimamizi wakakubali kwamba hesabu za mizunguko zilikosewa. Familia yake ilikabidhiwa kombe na NASCAR mwaka 2021, zaidi ya miaka 30 baada ya yeye kufariki. Orodha inasema: 1. Mimi ningependa kusoma kitabu kuhusu zile 494 nyingine, namna mtu anavyopata matairi, anavyolala, anavyorudi nyumbani usiku na gari alilolitengeneza kwa mikono yake, kisha wiki inayofuata anakwenda tena.

Nirudi kwetu. Sisi Watanzania tuna mtu wetu katika orodha hiyo na tumemsahau kabisa. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam mwenye asili ya Uskoti, alishinda Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Chris Rothwell, mara zote mbili kwa Peugeot 404. Nimewauliza wanafunzi wangu, na walimu wenzangu, na mafundi wawili wa Songea wenye umri wa kutosha. Mmoja wa mafundi alilikumbuka gari. Hakumkumbuka dereva. Nadhani Peugeot 404 ilikuwa na bahati kuliko Shankland, kwa sababu ilibaki barabarani na watu wakaendelea kupakia magunia ndani yake.

Shekhar Mehta angalau anakumbukwa kwa rekodi. Alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia ya wenye mashamba ya miwa, akafukuzwa na Idi Amin pamoja na Waasia wengine mwaka 1972, na Pasaka iliyofuata akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Walilingana pointi na Msweden Harry Källström, ikabidi sheria iwatenganishe. Halafu akashinda nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Hiyo ni orodha nzuri sana. Lakini pale kati ya 1972 na 1973 pana riwaya, na makala huipita kwa nusu sentensi ili iwahi kuhesabu ushindi.

Sasa nieleze kwa nini namwamini mzee.

Baba yangu aliendesha malori kwa karibu miaka thelathini, mengi ya Bedford, kati ya Songea, Mbinga, Mbamba Bay na vijiji vya kahawa. Alianza kama utingo mwaka 1974, mwaka ule ule Joginder aliposhinda Safari mara ya pili. Hakuna mzee aliyewahi kuniambia kwamba gari la Safari lilifika Mbinga. Redio ndiyo iliyofika. Kwenye gereji za mjini kila kijana aliyefunga breki kwa madaha aliitwa Joginda, na aliyeitwa hivyo alijitahidi kulistahili. Baba hakuitwa. Aliitwa Konokono, na utingo wa malori mengine walikuwa wakimwimbia.

Ana daftari. Kwa kweli ni madaftari saba, ya mistari, yenye jalada la karatasi ngumu, na niliyachukua likizo ya mwezi wa sita ili niyasome kama ninavyosoma maandishi mengine. Kila safari ina mstari wake. Tarehe, mzigo, saa ya kuondoka, saa ya kufika. Kushuka: mahindi, chumvi, bati, saruji. Kupanda: samaki wakavu, mchele, abiria juu ya mzigo. Msimu wa kahawa, magunia. Safu ya mwisho haina kichwa, na ndiyo iliyonifanya niyasome yote saba. Ndani yake ameandika alipokwama na nani alimsukuma.

"Nangombo, saa sita, vijana wa shule." "Chini ya Mbinga, tulilala, mama mmoja alitupa viazi." "Tope, watu kumi na moja, niliwapa chumvi kilo tano." Kuna ukurasa wa masika mmoja ambapo safari moja ya Mbamba Bay imechukua mistari tisa kwa sababu ilichukua siku nne. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa adimu nchini, kuna miezi mizima isiyo na kitu ila neno moja, "Tunasubiri."

Kama mhakiki niseme wazi kwamba daftari hili lina mapungufu. Linachosha. Halina mandhari: mtu amepita miaka thelathini katikati ya ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo watalii na wataalamu hufunga safari kuja kuyapiga picha milimani kwetu, na hajaandika neno hata moja kuyahusu. Ziwa, ambalo ukilifikia kona ya mwisho linakuzibua macho, linatajwa pale tu meli ilipochelewa. Lakini linajua jambo moja ambalo makala za Joginder hazilijui. Linajua kwamba gari halifiki peke yake, wala dereva hafiki peke yake. Safari ilijaa watu wa kusukuma. Tazama picha yoyote ya miaka ya sitini: gari limezama hadi kwenye milango, dereva kashika usukani, na nyuma yake kuna watu kumi, ishirini, miguu pekupeku, mabega kwenye buti. Chini ya picha limeandikwa jina la dereva, la msoma ramani wake likibahatika, na aina ya gari. Wale ishirini hawana jina hata kwenye maelezo. Baba hakuwa na picha ila aliwaandika, angalau kwa idadi.

Na daftari la nne lina mstari mmoja wa mwaka 1987 ambao haufanani na mingine. Tarehe. "Mahindi, magunia 70." Saa ya kuondoka. Safu ya kufika ameandika, "Hatukufika." Safu ya mwisho iko wazi.

Sisi watoto tunalijua tukio lenyewe kama watoto wanavyojua mambo ya nyumbani, kwa vipande. Kulikuwa na lori jingine. Kulikuwa na maneno kati ya madereva asubuhi ile, kuhusu Konokono, na nani atatangulia kupakua. Baba alikuwa na miaka thelathini na kitu. Utingo wake, kijana wa Langiro, alikuwa amekaa juu ya mzigo. Baba amekuwa akipeleka kitu nyumbani kwao kila mwaka, kahawa ikiuzwa, na hajawahi kumtuma mtu mwingine apeleke.

Kwa hiyo swali lake la kwenye simu, alishindwa mara ngapi, halikuwa la mtu anayependa takwimu. Mzee ana hesabu yake. Katika madaftari saba ana "Hatukufika" moja, na anapima kila dereva kwa hiyo moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na aina nzima ya uandishi tunaouita wasifu wa dereva. Unamfundisha msomaji kijana kwamba safari ambazo dereva alifika wa sita, wa tisa, wa mwisho, na gari likiwa zima, ni nafasi tupu kati ya ushindi mmoja na mwingine. Kwa Joginder nafasi hizo ni 16. Ndimo alimojifunza kushinda, na ndimo walimo wengi wa waliomsukuma. Safari ya sasa, iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kutolewa 2002, inafanyika kuzunguka Naivasha katika vipande vilivyofungwa, na mshindi hupatikana kwa sekunde. Ni mchezo mzuri, nami nimeutazama. Kalle Rovanperä alishinda mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 21 na uendeshaji wake unatisha kwa uzuri. Lakini mdogo wangu akiutazama kwenye simu yake kituoni, akisubiri abiria wajae, hana namna ya kuona kwamba ile barabara ya Naivasha imeondolewa kwanza ng'ombe, baiskeli na watu wa kanisani. Yake haijaondolewa.

Nilimpelekea rasimu ya makala hii kabla ya kuituma, kwa sababu inamhusu na kwa sababu sikutaka aisome kwa mtu mwingine. Alikaa nayo siku mbili. Kisha akaniandikia ujumbe mrefu, na sehemu yake ni ya haki, kwa hiyo naiweka. Alisema Joginda alikuwa analipwa ili afike. Yeye analipwa kwa mizunguko. Hesabu ya bosi ni ile ile kila jioni, mvua isinyeshe, abiria wasiwepo, na akiileta pungufu mara mbili kuna deiwaka watatu kituoni wanaosubiri ufunguo. Alisema abiria wenyewe humwambia ongeza mwendo kaka, na wakishuka wanamsifu, na ile video alirekodiwa na mwalimu kama mimi. Alisema mzee alikuwa na siku nne za kukwama kwenye tope na tajiri wake hakumfukuza, kwa sababu hata tajiri aliliona tope. Lami haionekani na mtu yeyote kama kisingizio.

Sikuwa na la kujibu kwa hilo. Nilimwandikia tu kwamba sijamwita muuaji, nimemwita dereva, na kwamba ile video aifute.

Hakusema kama ameifuta. Usiku, kama saa nne hivi, alipiga simu. Nilisikia injini imezimwa na vyura, kwa hiyo nikajua yuko Mbamba Bay, amelala huko na gari.

"Dada," alisema. "Ile ya '87. Ni kona gani?"

Nikamwambia. Lami imeinyoosha kidogo, ila bado ipo. Anaipita mara nne kwa siku.